Usaili wa Damu Pwani ya Sitakunda

Nondo ilishuka.

Tohura Khanom aliiona ikija, akajirusha pembeni pamoja na kiti chake. Ikatua pale pale ulipokuwa mkono wake, ikaipasua meza katikati. Vikombe viliruka. Vyeti vyake, jasho la miaka saba, vikatawanyika sakafuni kama karata za mlevi.

Nyinyi mliofuatana nami mnakumbuka tulimwacha wapi dada huyu. Na wewe uliyechelewa, sogea, nafasi ipo.

Tohura amekuja yadi ya kuvunja meli ya Haji Ashkar Mridha, pwani ya Sitakunda, kusailiwa kazi ya afisa usalama. Waombaji wenzake wawili hawakuvuka geti. Mmoja alivunjwa mguu na wahuni. Wa pili aliutazama mguu wa mwenzake, akakumbuka ana shughuli kwao. Tohura alipita kwa sababu wahuni walidhani ni mpishi.

Akaketi mbele ya jopo la watu watatu: Haji mwenyewe, Injinia Dipankar Barua, na Rezwan, mume wa Rokeya, binti wa pekee wa Haji. Injinia akamuuliza, "Ukiona hatari kazini, jambo la kwanza unafanya nini?" Kabla Tohura hajafumbua mdomo, Rezwan aliinuka na simu sikioni, akatoka. Mlango haujatulia, ukapigwa teke. Akaingia Mostak Shikdar na nondo yake.

Mostak ni nyapara wa wakata vyuma mia mbili. Bega lake kama mlango wa ghala, na nafasi ile alikuwa amemwekea mpwa wake.

"Toka, dada," alisema, akiichomoa nondo kwenye mbao. "Kazi hii ina wenyewe."

"Nimeitwa kwa barua."

"Barua isome ukiwa wodini."

Injinia Dipankar alisimama, mwembamba, miwani imemteleza puani. "Mostak! Una wazimu? Hiki ni chumba cha usaili!"

Nondo ilizunguka, ikampata Injinia kwenye mtulinga. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Injinia akaanguka juu ya makabati, damu ikimtoka puani, akabaki kukoroma.

"Mostak, mwanangu," Haji alisema, "weka chini hiyo. Tutazungumza."

"Nyamaza, Haji! Miaka ishirini nakuvunjia meli. Wenzangu wamekufa mikononi mwangu. Leo unaniletea mwanamke aje anifundishe kuvaa kofia?"

Akageuka. Akainua nondo kwa mikono miwili.

Tohura alikuwa ameshaiona chupa ya chai kwenye meza ndogo ya pembeni. Aliinyakua, akafyatua kifuniko, akammwagia Mostak chai yote usoni.

Yowe lile lilisikika mpaka kwenye matope ya ufukwe. Mostak alipiga huku na huko kama kipofu. Pigo moja lilivunja kioo cha kabati. La pili likampata Tohura pajani, mguu ukafa ganzi, akaanguka. La tatu lilimkosa kichwa kwa upana wa kidole. Vumbi la sakafu likamwingia machoni.

Akatambaa. Mostak alisikia mtandio wake ukiburuzwa, akamfuata, mkono wa kushoto ukipapasa ukuta, mpaka ukashika fremu ya mlango.

Tohura aliusukuma mlango kwa mguu mzima, kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

Mlango ukamkamata nyapara kifundo cha mkono. Kikapasuka. Nondo ikamtoka mkono wa pili, ikabingiria, na aliyeiokota alikuwa Tohura.

Akasimama akihema, akiburuta mguu mmoja, nywele usoni, nondo mkononi.

"Samahani, Injinia," alisema. "Swali lako nitalijibu sasa hivi."

Lakini hakulijibu. Mostak alipouchomoa tu mkono wake, mlango ulivutwa kutoka nje. Komeo likalia. Ka!

Ukafuata mlio mwembamba karibu na sakafu. Sssssss.

Ncha ya mpira mweusi ilikuwa imepenyezwa chini ya mlango. Harufu ya yai viza ikapanda.

"Gesi," Tohura alisema.

Mostak alifuta chai machoni. Macho yamekuwa mekundu kama pilipili. Akaupiga mlango kwa bega. "Nani huko? Sayedul! Ni wewe? Fungua, pumbavu, mimi nimo humu!"

Nje mtu alicheka. Sayedul alikuwa msaidizi wa Mostak, mtu aliyekula naye sahani moja miaka sita.

"Tunajua umo, nyapara."

"Unasemaje?"

"Umeingia na nondo, watu wote wameona. Ukifa humo, nani ataulizwa? Marehemu."

"Nani kakutuma?"

"Mwenye yadi mpya. Salimia wa zamani."

Mostak aligeuka polepole akamtazama Haji. Uso wake ulikuwa umeungua upande mmoja, lakini kilichomuumiza hakikuwa chai.

"Ni Rezwan," alisema. "Mkweo ndiye aliyeniambia niingie. Aliniambia, nikitoka na simu, wewe ingia, mtishe yule mwanamke, mpwa wako atapata kazi. Alisema kumtisha tu."

"Mwongo!" Haji alifoka. "Rezwan ni mwanangu!"

"Basi mwite mwanao akufungulie."

Haji akatia mkono mfukoni, akatoa simu. Injinia, aliyekuwa amezinduka na kujiinua ukutani, akanyoosha mkono kwenye swichi ya feni.

"Weka chini!" Tohura alimkemea mzee yule kama anavyokemewa mtoto anayecheza na wembe. "Usibonyeze kitu! Injinia, ondoa mkono kwenye swichi! Acha feni izunguke ilivyo. Ukiizima inatoa cheche, na cheche moja inatutosha sote wanne."

Injinia aliuondoa mkono. Haji aliitua simu juu ya kabati kana kwamba ni yai. Nusu saa tu kabla, mzee huyu alikuwa amemuuliza Tohura kwa dharau kama mwanamke anaweza kuamrisha wanaume. Sasa aliamrishwa, akatii.

"Gesi hii nzito," Tohura alisema, "inatambaa chini. Pandeni juu ya viti. Msilale, msiiname."

Mwenyewe aliinama.

Alivua mtandio wake, akauchovya kwenye jagi la maji, akapiga magoti mlangoni. Aliusukuma ule mpira utoke. Nje mtu akaukanyaga. Akausukuma tena. Ndipo panga lilipopita chini ya mlango, likachana vidole vyake viwili mpaka mfupa.

Tohura aliuma meno. Damu ilimwagika juu ya mtandio.

Panga lilirudi mara ya pili. Safari hii halikumkuta. Lilikutana na kiatu cha Mostak, kikalikandamiza bapa sakafuni.

"Sukuma, dada!" nyapara alisema. "Nimelishika. Sukuma!"

Alisukuma. Mpira ukatoka. Akauziba ule upenyo kwa mtandio ulioloa maji na damu, akaushindilia kwa ngumi. Mlio bado ulisikika, ila sasa ulikuwa upande wa pili, kwenye korido.

Lakini ndani gesi ilikuwa imeshajaa mpaka magotini, na kichwa chake kilianza kuwa chepesi.

"Dirisha," alisema.

"Lina grili," Haji alisema. "Niliweka mwenyewe. Kwa ajili ya wezi."

Mostak aliokota nondo aliyoiacha Tohura sakafuni, akainua aipige grili. Tohura alimrukia mkono.

"Chuma kwa chuma? Unataka kutuzika kwenye mfuko mmoja? Vua hilo taulo la shingoni. Liloweshe. Lifunge kwenye nondo, mizunguko mitatu. Usipige. Penyeza, halafu vuta kama unang'oa jino."

Mostak alimtazama. "Umejifunza wapi mambo haya?"

"Kwa baba yangu."

"Alikuwa injinia?"

"Alikuwa mkata vyuma. Yadi ya tatu kutoka hapa. Walimwambia tangi limeshatolewa gesi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimtambua kwa saa ya mkononi."

Baada ya mazishi alifanya kazi miaka saba wodi ya walioungua kule mjini Chattogram, mchana akiwabadilisha bandeji wakata vyuma, jioni akisomea usalama kazini. Alijua ngozi ya binadamu inavyobambuka kama ganda la kitunguu. Hakutaka kuiona yake.

Mostak alifunga taulo kwa meno na mkono mmoja. Akapenyeza nondo kati ya grili na tofali, akavuta. Mishipa ya shingo ilimtoka. Kifundo kilichovunjika kilining'inia kama tambara, naye akakitumia hicho hicho kujikazia, huku akitukana ukoo mzima wa fundi aliyejenga ukuta ule.

Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili. Tofali likapasuka. Mostak akatupa bega lake lote, na grili ikainama nje kama sikio la ng'ombe.

Chini ya dirisha, kimo cha mtu mmoja na nusu, kulikuwa na bati la jiko la wafanyakazi.

"Injinia kwanza!"

Walimtoa miguu ikitangulia. Alipiga ukelele mmoja mtulinga ulipogusa tofali, akatua kwenye bati kwa kishindo, akabingiria mpaka kwenye tope.

"Haji!"

Haji alipita kichwa, akapita mabega, akakwama tumbo.

"Vuta pumzi, mzee!"

"Nimevuta!"

"Basi itoe!"

Mostak hakungoja pumzi. Alimpiga Haji teke la makalio lililobeba machungu ya miaka ishirini, na mwenye yadi akaruka nje kama gunia, akapiga bati kwa uso.

"Wewe sasa," Mostak alisema.

"Wewe una mkono mmoja. Tangulia."

"Dada, usinibishie! Pita!"

Tohura alipita. Aliitupa nondo nje, akafuatia yeye, mguu wake mbovu ukakunjika chini yake kwenye bati. Alipoinua kichwa alimwona Mostak amekaa dirishani, mguu mmoja nje, na nyuma yake, ng'ambo ya mlango, alisikia sauti ya Sayedul ikisema, "Mbona kimya? Wamelala?"

Halafu mkwaruzo wa kijiti cha kiberiti.

Msomaji, mtu yule hakujua kwamba gesi aliyokusudia kuwaulia wenzake ilikuwa imerudi kwake, imemzunguka miguu, imemfika kiunoni. Alidhani yuko nje ya hatari kwa sababu yuko nje ya mlango.

Kilichofuata hakikuwa mlio. Kilikuwa kama kofi la jitu.

Ukuta ulitoka. Mlango uliruka na mtu akiwa amebandikwa juu yake. Ulimi wa moto ulitoka dirishani, ukamlamba Mostak mgongoni, ukamtupa hewani. Alitua kando ya Tohura, shati lote linawaka.

Hakupiga kelele. Alikuwa amefumbua mdomo tu.

Tohura alimwangukia. Alimsukuma kwa mabega, wakabingiria pamoja juu ya bati la moto, wakaanguka kwenye tope la mafuta na chumvi. Akampaka tope mgongoni kwa mikono yake miwili, pamoja na vidole vilivyochanika, akapiga miali, akapiga, akapiga, mpaka pakabaki moshi na harufu ya nywele.

Mostak alikohoa. Jicho moja lilifunguka.

"Nilikuja kukuvunja mifupa. Mbona hukuniacha?"

"Ndiyo kazi niliyoomba."

Nyapara alicheka, kicheko kikageuka kilio, akaficha uso kwenye tope.

Haji Mridha alikuwa ameketi hatua chache kutoka pale. Kofia yake ya hija haipo. Nusu ya ndevu imeungua. Pua imevimba kama nyanya. Alimtazama Tohura muda mrefu, akainua kidole kuelekea mbinguni.

"Binti yangu," alisema, "kazi ni yako. Tangu saa hii. Injinia ni shahidi, na Mungu ni shahidi juu ya Injinia."

Injinia alitikisa kichwa kukubali, macho yakageuka meupe, akazimia kwa maumivu.

Tohura alihisi kitu kikimfunguka kifuani. Alitaka kulia. Alitaka kumpigia mama yake. Miaka saba alikuwa akingoja mtu wa yadi amwambie neno kama hilo, na limekuja hivi, amekaa kwenye tope, mtandio wake sasa ni moshi.

Furaha hiyo, msomaji, haikukaa hata robo saa.

Watu walikuja mbio kutoka kwenye meli zilizokatwa. Wakata vyuma, wavuta kamba, wabeba mabati, vikoi vya lungi vimekunjwa mpaka mapajani, wengine na nyundo, wengine na minyororo mabegani. Mbele yao alikimbia kijana aliyevaa shati jeupe lisilo hata na doa, analia kwa sauti.

Rezwan.

"Baba! Baba yangu! Alhamdulillahi!" Alipiga magoti kwenye tope, akamkumbatia Haji, akambusu kichwa. Huku akimbusu, macho yake yalikuwa yanazunguka. Yalimwona Injinia amezimia. Yalimwona Mostak. Yalipomfikia Tohura yalisimama.

Juu kwenye korido watu walikuwa wameinua mlango. Mmoja alirudi nyuma akitapika.

"Ni Sayedul!" alipiga kelele. "Sayedul amekufa! Hana uso!"

Sayedul alikuwa na ndugu wanne katika umati ule. Kilio chao kilipanda, kikawa kitu kingine.

Rezwan alisimama. Akamnyooshea Tohura kidole.

"Huyu hapa! Huyu na Mostak! Usaili ulikuwa danganya toto! Mostak kaingia na nondo, nyote mmemwona. Huyu mwanamke kafungua gesi. Sayedul, maskini, kakimbilia kuwaokoa, wakamlipua!"

"Mwongo!" Mostak alijiinua kwa kiwiko. "Wewe ndiye..."

Jiwe lilimpata mdomoni.

Tohura hakumtazama Rezwan. Alimtazama Haji. "Haji, uliyasikia ya mlangoni. Uliyasikia kwa masikio yako. Waambie."

Watu mia mbili walimgeukia mzee mmoja aliyeungua ndevu.

Haji alifumbua mdomo. Rezwan akainama haraka kama mtu anayempangusa mkwewe tope la shingoni, akamnong'oneza. Tohura alikuwa karibu. Aliyasikia yote.

"Baba. Rokeya ana mimba ya miezi saba. Unajua alivyokaribia kufa ile ya kwanza. Mimi nikifungwa, nani atamwambia? Wewe?"

Machozi yalimtoka Haji. Yalichora mistari miwili kwenye masizi ya mashavu yake. Alimtazama Tohura kama mtu anayemtazama maiti wa jamaa yake, kwa huruma kubwa isiyosaidia kitu.

Akainua kile kile kidole.

"Ni yeye," alisema. "Ni huyu mwanamke."

Umati uliunguruma.

Mmoja wa ndugu wa Sayedul aliuteremsha mnyororo begani, akaanza kuuzungusha. Wengine wakafanya duara. Upande mmoja wao, upande wa pili bahari ya tope ambayo mtu akiingia haendi mbali.

Tohura aliinama akaokota nondo iliyokuwa imebingiria kutoka kwenye bati. Mkono ulikuwa unateleza kwa damu. Mguu ulikuwa hautaki. Akasikia mtu akisimama nyuma yake kwa shida, akihema kama ng'ombe, mgongo wake ulioungua ukiugusa wa kwake.

"Dada," Mostak alisema, akitema jino. "Nondo unayo?"

"Ninayo."

"Hawa nimewafunza mimi mwenyewe. Mwenye mnyororo hupiga chini kwanza. Ruka, halafu mpige goti."

"Na wewe?"

"Mimi nina mkono mmoja na hasira nyingi. Zitatosha."

Nyuma ya umati, geti kuu la yadi lilianza kufungwa. Rezwan ndiye aliyekuwa akilisukuma, kwa mikono yake safi.

Mnyororo ukatoka mkononi mwa mwenyewe, ukaja chini chini, ukifyeka tope.

Tohura akaruka.